Divai ya Manjano: Imeharibika au Imekomaa?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, wilaya za Mbulu na Hanang

(Mwalimu wa darasa: kabla ya somo kuanza, andika maneno haya ubaoni, na wanafunzi wayasome kwa sauti: divai, siki, chachu, utando, pipa, kuonja.)

Ninyi mlio Mbulu na Haydom, na ninyi mlio Katesh na Bassotu, sogeeni karibu na redio.

Somo la leo ni juu ya kuonja. Huenda mmoja wenu anauliza, "Je, kuonja nako hufundishwa? Kila mtu ana ulimi." Ni kweli. Lakini ninyi mlikuwa na macho siku zote, na herufi hamkuzisoma mpaka mlipofundishwa. Ulimi nao ni vivyo hivyo.

Somo hili si la kumfundisha mtu ulevi. Asiyekunywa kwa sababu ya dini au ya afya, na asikilize tu. Habari ya kuchacha yahusu maziwa pia, na maziwa yamo katika kila nyumba yetu.

Sasa nitawasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita tulipata mgeni pale Katesh. Alikuwa mwalimu wa kilimo kutoka Ufaransa. Siku ya kuagana alitoa chupa moja fupi, nene, akasema, "Hii ni divai ya kwetu. Nimeitunza niwape ninyi." Tulikuwa watu sita barazani. Pamoja nasi alikuwako mzee mmoja wa Kibarabaig, mfuga nyuki, anayejulikana sana kwa pombe yake ya asali.

Mgeni akamimina. Divai ile ilikuwa ya manjano kama mafuta ya alizeti. Nikanywa mara moja, kama anywavyo mtu mwenye kiu. Ladha yake ilikuwa kavu, tena ngeni kabisa. Nami, kwa kuwa nina diploma, nikajiona najua. Nikasema mbele ya wote, "Pole, mgeni wetu. Divai hii imeharibika njiani. Imeingia hewa." Nikaanza kuinuka niimwage bilauri yangu uani.

Yule mzee akanishika mkono. Akasema, "Mwalimu, kaa kwanza. Umenusa?" Nikasema, "Sikunusa, Baba." Akasema, "Nusa basi. Pombe ikigeuka siki, huuma pua kabla ya kuuma ulimi. Hii haikuuma pua. Hii haikuharibika. Hii imekaa."

Mgeni aliposikia maneno hayo yametafsiriwa, alicheka kwa furaha. Akasema, "Mzee amesema kweli. Imekaa ndani ya pipa zaidi ya miaka sita." Mimi niliona haya. Nilikuwa karibu kumwaga zawadi ya mtu mbele ya macho yake, kwa sababu ya kutojua.

Basi, ndugu wasikilizaji, divai hiyo hutengenezwaje?

Mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi, kuna nchi ya milima iitwayo Jura. Huko hulimwa zabibu nyeupe ziitwazo Savagnin. Zabibu hukamuliwa, na maji yake huchacha kwa nguvu ya chachu, kama inavyochacha pombe yetu ya asali. Mpaka hapo hakuna tofauti. Divai nyeupe iliyo nyingi duniani, pamoja na ile ya zabibu za Dodoma, hutunzwa mbali na hewa. Divai ikipungua ndani ya pipa, mwenyewe huongeza nyingine mpaka pipa lijae tena, hewa isipate nafasi.

Lakini mtu wa Jura atengenezaye divai ya manjano haongezi kitu. Huliacha pipa lipungue. Divai hupita polepole katika mbao za pipa na kupotea hewani, na juu yake hubaki nafasi. Hapo juu huota utando mwembamba, wa rangi ya kijivu. Wote mmeuona utando juu ya maziwa yaliyochemshwa. Utando wa divai ni namna nyingine: ni chachu iliyo hai. Huwa mnene wakati wa joto, na wakati wa baridi hupungua. Hivyo divai hukaa miaka sita na zaidi, bila kuongezwa chochote.

Katika kila lita moja iliyotiwa, mwishoni hubaki kama sentilita 62. Zaidi ya theluthi imekwenda zake. Kwa hiyo chupa ya divai ya manjano ina kipimo chake pekee, sentilita 62. Ndiyo ile chupa fupi tuliyoiona Katesh.

Sasa swali kubwa. Hewa huiharibu pombe ya asali ikiachwa wazi siku chache. Kwa nini hewa hiyo hiyo haikuiharibu divai iliyokaa nayo miaka sita?

Aliyetufumbulia jambo hili ni Louis Pasteur. Alizaliwa mwaka 1822 katika mji wa Dole, na alikulia Arbois. Miji yote miwili ni ya Jura. Katika miaka ya 1860 alichunguza divai na siki kwa darubini, na mwaka 1866 alitoa kitabu chake juu ya divai. Aliona kwamba juu ya divai zaweza kuota tando mbili, nazo hazifanyi kazi moja. Utando mmoja ni wa vijidudu vya siki. Hivyo huchukua kileo pamoja na hewa, vikakigeuza kuwa siki. Utando wa pili ni wa chachu. Chachu nayo hutumia hewa, lakini haitengenezi siki. Hukaa juu ya divai kama kifuniko, ikiizuia hewa isiingie kwa wingi, na polepole huipa divai harufu mpya.

Basi hewa ni moja. Kinachotofautiana ni aliyetangulia kukaa mlangoni. Akitangulia chachu na kuushika mlango, divai hukomaa. Vikitangulia vijidudu vya siki, divai imekwisha. Tena Pasteur alionyesha kwamba divai ikipashwa moto kwa kiasi, vijidudu viharibifu hufa. Njia hiyo hutumika leo kwa maziwa yauzwayo madukani, nayo imepewa jina lake.

Lakini angalieni sana! Msione utando juu ya pombe nyumbani mkasema, "Mwalimu wa redio amesema utando ni mzuri." Sikusema hivyo. Watu wa Jura hawaamini macho peke yake. Hupima kila pipa mara kwa mara, na pipa lililoanza kugeuka siki huondolewa. Pombe yenye ukungu au harufu mbaya, imwageni.

Sasa tujifunze kuonja. Hatua ni tatu.

Kwanza, tazama. Inua bilauri kwenye mwanga. Je, ni safi, au ina vumbivumbi? Rangi ya manjano iliyokolea si kosa katika divai hii.

Pili, nusa, wala usiharakishe. Siki huchoma pua. Divai ya manjano haichomi. Wafaransa husema inanukia jozi, kokwa ya mti wa kwao. Sisi barazani tulisikia karanga zilizokaangwa, na nyuma yake bizari. Mke wa mwenyeji wetu alisema, "Hii ni uwatu," nasi tukakubali. Alikuwa na haki, kwa maana harufu ya uwatu na ya divai hii yatoka katika kitu kimoja kilicho ndani ya vyote viwili.

Tatu, weka kidogo kinywani, ukizungushe, ndipo umeze. Kisha ngoja. Usiseme neno. Ladha ya siki hukata koo, ikaenda zake. Ladha ya divai ya manjano hubaki kinywani muda mrefu baada ya kumeza. Kidogo chatosha, divai hii ina nguvu, kileo chake hufika sehemu 14 au 15 katika 100.

Ndugu wasikilizaji, huenda hamtaiona chupa hiyo maishani mwenu. Hata hivyo mambo haya yanatuhusu. Anayepika pombe kwa ajili ya mahari hupata aibu ikigeuka siki mbele ya wakwe. Mwenye kutunza divai ya Misa ajua kwamba sheria ya Kanisa Katoliki yataka divai ya zabibu halisi, isiyoharibika. Na sisi sote hununua vitu, na muuzaji husema, "Ni kizuri, kimetoka mbali." Ni nani atakayetuambia kweli, isipokuwa pua na ulimi uliofundishwa?

Kuna kijiji huko Jura kiitwacho Château-Chalon, chenye sifa kubwa kwa divai ya manjano. Katika miaka ya 1974, 1980, 1984 na 2001 zabibu zao hazikuwa nzuri, na wakulima wenyewe walikataa kuuza divai ya miaka hiyo kwa jina la kijiji chao. Walikubali hasara ili jina lisichafuke. Muuza asali anayekataa kuchanganya sukari katika debe lake ni ndugu yao.

Nami nilijifunza mambo mawili siku ile. Kitu kigeni si kibovu kwa sababu ni kigeni, wala si kizuri kwa sababu kimetoka Ulaya. Na yule mzee, ambaye hajawahi kukaa darasani, aliisoma divai ya Ufaransa kwa elimu ya kibuyu chake cha asali. Ninyi pia mmekuja darasani na elimu nyingi. Hapa tunaongeza kuiandika.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maswali

1. Kwa nini wenye divai nyingi hujaza pipa mpaka juu?
2. Tando mbili alizoziona Pasteur zatofautianaje?
3. Chupa ya divai ya manjano ina sentilita ngapi, na kwa nini?
4. Mwalimu alikosea nini pale Katesh?
5. Kazi ya nyumbani: mwulize mzee au mama mmoja wa kijijini kwako ajuaje kwamba pombe au maziwa yameharibika. Andika sentensi tatu, uzisome darasani.