Mshika Mbili Moja Humponyoka: Umakini Kazini Huokoa Muda na Maisha



Wahenga walionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Siku hizi, mwenye kushika mbili husifiwa. Karani anayejibu simu huku akijaza fomu na kumsikiliza mzee aliye dirishani huonekana mchapakazi. Lakini akili haifanyi kazi hizo tatu kwa pamoja. Huruka kutoka moja hadi nyingine, na kila inaporuka hupoteza muda ikitafuta ilipoachia. Mwaka 2009, mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba mtu akihama kazi kabla ya kuimaliza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka.

Tarehe 11 Septemba 1974, ndege ya Eastern Air Lines ilikuwa ikikaribia kutua katika ukungu mjini Charlotte, Marekani. Marubani walikuwa wakizungumza habari zisizohusu safari, zikiwemo siasa na magari. Hawakufuatilia ipasavyo jinsi ndege ilivyokuwa ikishuka, ikaanguka kabla ya kufika uwanjani. Zaidi ya watu 70 walifariki. Mwaka 1981, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliweka kanuni: wakati wa kuruka, wa kutua na ndege ikiwa chini ya futi 10,000, mazungumzo na shughuli zisizo za lazima ni marufuku kwa marubani.

Kanuni hiyo ina funzo hata kwa asiyewahi kupanda ndege. Kila kazi ina wakati wake wa kutua. Kwa muuguzi, ni pale anapopima dawa ya mtoto. Katika hospitali kadhaa ng'ambo, muuguzi anayegawa dawa huvaa kizibao cha kuwaomba watu wasimkatize. Kwa karani, ni pale anapoandika jina na nambari ya kitambulisho. Herufi moja ikikosewa, mwananchi hulipa nauli kurudi tena. Kwa mwendesha bodaboda, ni muda wote pikipiki inapokuwa barabarani. Kwa anayetuma pesa kwa simu, ni pale jina la mpokeaji linapotokea kabla ya kuthibitisha.

Hatua za kuchukua ni rahisi. Mfanyakazi amalize kumhudumia aliye mbele yake kabla ya kuita mwingine. Akikatizwa, aandike kwa ufupi alipofikia ili arudi papo hapo. Simu ya kibinafsi ikae kwenye mkoba. Mwendesha bodaboda asimame kando ya barabara ndipo apokee simu. Naye mwananchi aliye kwenye foleni ana sehemu yake: asimwite muuguzi anayehesabu vidonge, hata kwa salamu.

Salamu inaweza kungoja dakika moja. Dawa ikishamezwa hairudi.