Soko Huria na Dhamiri Huru

(Maneno ya wakili kwa wanaharakati na waumini wa Kiambere)



Nimeombwa nizungumze juu ya fomu ambazo baadhi ya vijana wetu wanazijaza, za kuomba nafasi katika mafunzo ya watetezi wa soko huria. Wazee wameniuliza: je, huku si kujiuza kwa wageni? Vijana nao wameuliza: tuandike nini? Nitajibu yote mawili.

Kwanza, tujue mafunzo haya yanakotoka. Mwaka 1955 Mwingereza Antony Fisher alishiriki kuanzisha taasisi ya utafiti wa uchumi mjini London. Mwaka 1981 akaanzisha Marekani shirika la Atlas, linalofunza na kusaidia taasisi za namna hiyo duniani. Hapa Kenya, James Shikwati alianzisha taasisi ya IREN mwaka 2001. Na mwaka 2005 aliliambia jarida la Der Spiegel la Ujerumani kwamba misaada inaidhuru Afrika. Waweza kumkubali au kumpinga, lakini alisema wazi aliloliamini, hata mbele ya wenye kutoa misaada.

Pili, wazo lenyewe si geni kwetu. Kabla ya vizuizi kuondolewa mwishoni mwa 1993, mkulima hakuweza kusafirisha shehena ya mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali. Chakula kilikuwa upande mmoja, njaa upande wa pili, na katikati amesimama askari. Miaka hiyohiyo Askofu David Gitari, ambaye dayosisi yake ilifika Embu, alihubiri dhidi ya kura ya mlolongo ya 1988. Kipengele cha 2A kikafutwa Desemba 1991. Ndugu zangu, chama kimoja na mnunuzi mmoja ni watoto wa tumbo moja: wote wawili humnyima mwananchi nafasi ya kusema, "La, nitakwenda kwingine."

Lakini tusidanganyike na majina. Katika kashfa ya Goldenberg, kampuni moja ilipewa ukiritimba wa kuuza nje dhahabu na almasi, na ikaahidiwa fidia ya asilimia 35, ilhali sheria iliruhusu 20. Yote yalifanywa kwa jina la kukuza biashara. Lile halikuwa soko huria. Ulikuwa upendeleo uliovikwa joho la biashara, na mlipaji alikuwa mwananchi.

Basi, vijana, mtakapoulizwa katika fomu mnataka kubadili nini, msinakili nadharia za vitabuni. Andikeni juu ya ndengu. Andikeni juu ya mama anayeuza kwa dalali mmoja kwa sababu hana habari za bei ya mjini, na gunia lake likajazwa lumbesa huku akilipwa la kawaida. Kitabu cha Mithali kinalaani mizani ya hila. Soko lenye mizani ya hila haliwezi kuitwa huru. Elezeni mtakalofanya mkirudi: kutangaza bei kila siku ya soko, kupima kwa kilo, kuuza kwa pamoja kwa hiari. Mwombaji anayeijua shida ya kwao hahitaji maneno makubwa.

Tatu, kama wakili nawasihi: someni masharti kabla ya kutia sahihi. Ulizeni ni nani anayegharamia, na mnadaiwa nini baadaye. Ulizeni kama mtaruhusiwa kumpinga mwalimu. Wahenga walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Ikiwa bei ya mafunzo ni kunyamaza tajiri anapomdhulumu mnyonge, rudisheni fomu bila sahihi. Hatukukataa kuwa kasuku wa chama kimoja ili tuwe kasuku wa mfadhili.

Wazee wangu, kujifunza si kujiuza. Anayejiuza ni yule anayekwenda bila swali na kurudi bila jibu. Waruhusuni waombe. Nanyi vijana, mkichaguliwa, nendeni mkiwa watu wa Kiambere, na mrudi mtoe hesabu mbele ya kusanyiko hili hili.

Mungu awabariki.