Kujenga Upya Miguu ya Mbele ya Pikapu ya Chama

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Lukuledi



Pikapu ya chama cha msingi si gari la kubebea mavuno. Korosho zikishapimwa na kuwekwa ghalani, huchukuliwa na malori kwenda ghala kuu, na ndivyo ilivyo tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika mkoani Mtwara mwaka 2007. Kazi ya pikapu ni nyingine: kupeleka salfa vijijini, kuchukua mizani na magunia matupu, kumfikisha katibu Masasi na kumrudisha na makaratasi yake. Tena, ingawa jambo hili haliandikwi katika muhtasari wa mkutano wowote, pikapu hubeba watu. Mgonjwa hupandishwa humo usiku, na wapulizaji wa dawa hukaa juu ya mifuko. Kwa sababu hiyo uzima wa miguu ya mbele si shauri la fundi peke yake. Ni shauri la kamati.

Reli ya kusini, iliyofika Nachingwea na baadaye Masasi, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo mzigo wa bonde la Lukuledi umetegemea matairi, na vijiji vingi bado havifikiki ila kwa njia za udongo na changarawe. Changarawe hufanya vituta vidogo vidogo vilivyopangana kama bati, navyo huipiga miguu ya gari maelfu ya mara katika safari moja. Mchanga wa uwanda wa Makonde huingia katika kila kiungo kilichokosa grisi. Vumbi la salfa nalo likipata unyevu hula chuma, na gari lisilooshwa baada ya msimu wa kupuliza hufungwa kutu katika boliti zile zile ambazo fundi atahitaji kuzifungua.

Katika vyama vingi gari huanza kuyumba, kamati ikaidhinisha bushi moja. Baada ya miezi miwili huidhinishwa shokomzoba moja, ile mafundi wanayoiita shokapu, tena ya upande mmoja tu. Kisha kipande cha springi huvunjika, kikaungwa kwa kuchomelewa. Stakabadhi zote ni halali na kila moja ni ndogo, wala hakuna aliyeiba. Hata hivyo gari bado linayumba, kwa maana sehemu iliyochakaa huila ile mpya iliyofungwa kando yake. Bushi mpya katika springi iliyolala hupindwa kila gari linapotikisika, na shokomzoba mpya juu ya bushi iliyokwisha hufanya kazi isiyo yake. Yafaa miguu ya mbele ifunguliwe yote kwa mara moja, kulia na kushoto, ipimwe, na ijengwe upya.

Mazungumzo haya yanahusu hasa magari ya zamani yenye ekseli nzima mbele na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama Land Rover za Series na Land Cruiser za namna ya 45 na 75. Pikapu ndogo ambazo kila gurudumu la mbele husimama kwa mikono miwili na boli joint zina mambo yake, ila kwa hizo itoshe neno moja: boli joint iliyolegea haingojewi mwisho wa msimu. Ikichomoka, gurudumu hulala ubavu na dereva hana tena usukani.

Kabla ya kununua chochote, gari lisimamishwe mahali tambarare bila mzigo. Upimwe urefu kutoka ekseli hadi fremu, kulia na kushoto, na tarakimu ziandikwe. Kisha upimwe umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kila upande. Vipimo hivi viwili vya mwisho vikitofautiana, aghalabu ile boliti ya katikati inayoshika vipande vya springi pamoja imekatika, na ekseli imesogea. Gari la namna hiyo huvuta upande mmoja, na dereva hulaumiwa bure kwamba hajui kazi.

Hatimaye gurudumu liinuliwe, lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, mtu wa pili akanyage breki. Mchezo ukitoweka, kasoro ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, kasoro ni kingipini. Jaribio hili halina gharama, na katibu anaweza kulishuhudia kwa macho yake badala ya kuambiwa.

Wakati wa kufungua, magurudumu ya nyuma yazuiwe na fremu ikae juu ya vigogo imara au vyuma vya kuegemezea. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Matofali hupasuka bila kutoa taarifa. Ekseli nayo ishikiliwe, isije ikaning'inia kwa mipira ya breki. Boliti zile zenye umbo la herufi U, zinazofunga springi kwenye ekseli, zikiwa na kutu zikatwe na kununuliwa mpya. Kuzirudisha zikiwa zimevutika ni kuokoa senti na kutupa shilingi.

Sasa springi zenyewe. Mhunzi wa kijijini ni mtu wa heshima, na jembe lake halina mfano, lakini springi si jembe. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo. Akikichoma tena ili kukikunja, ugumu huondoka, na springi iliyotoka kwake ikiwa imeinuka vizuri hulala tena baada ya muda mfupi. Kuchomelea kipande kilichovunjika ni vibaya zaidi, kwani kitavunjika kando ya weldi, pengine kwenye mteremko wa Newala. Kuongeza vipande nako hakufai. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, kishindo hukimbilia kwenye fremu, nayo hupasuka. Springi zinunuliwe jozi, na fundi aulizwe mapema juu ya pande zake, kwa sababu katika Land Rover nyingi ya upande wa dereva hutofautiana na ya upande wa pili.

Lipo kosa moja ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya. Bushi za mpira zikishaingizwa, boliti zake zisikazwe kabisa gari likiwa hewani. Zishikwe kwa mkono tu, gari lishushwe juu ya magurudumu yake, litikiswe mara kadhaa ili springi zitulie, ndipo boliti zikazwe. Zikikazwa springi zikiwa zinaning'inia, mpira hubaki umejipinda siku zote gari linaposimama, na hupasuka kabla ya msimu kwisha. Lawama hupewa duka la spea, ilhali kosa ni la dakika kumi za haraka gerejini.

Kingipini hurekebishwa kwa vibati vyembamba mpaka mkono wa usukani uwe na uzito uliotajwa katika kitabu cha gari. Uzito huo hupimwa kwa mizani ndogo ya ndoano, kabla sili hazijafungwa. Wanachama wa ushirika wanajua mzozo wa mizani kuliko watu wengi. Fundi asemaye kwamba mkono wake unatosha kupima, aombwe aishike ndoano wakiona. (Mizani ya kupimia magunia haifai, kwa kuwa haioni kilo mbili.)

Mwisho ni mwelekeo wa matairi. Alama ya chaki huwekwa nyuma ya kila tairi la mbele, kwenye usawa wa katikati ya gurudumu, na umbali baina yake hupimwa. Gari husukumwa mpaka alama zifike mbele, na umbali hupimwa tena. Kwa Land Rover za Series umbali wa mbele uwe mfupi kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Tofauti ikizidi hapo, matairi mapya huliwa kama sabuni.

Kuhusu wakati, nafasi nzuri ni baada ya mauzo ya korosho kwisha na kabla salfa haijaanza kusambazwa. Mvua huwepo, lakini gari lina mapumziko. Fungu lake liingizwe katika makisio ya mwaka, maana fedha ya kuokotwa ndiyo inayozaa bushi moja moja. Fundi atoe orodha ya vitu vyote kabla ya kufungua mfuko, na sehemu za zamani zirudishwe chamani zote, zihesabiwe mbele ya mjumbe mmoja wa kamati na kulinganishwa na stakabadhi. Vipimo vya kabla na baada viandikwe katika daftari la gari, tarehe na kilomita zikiwemo.

Kilomita 500 zikitimia, gari lirudi gerejini ili boliti zenye umbo la U zikazwe tena, kwani springi mpya hujipanga na boliti hulegea. Siku hiyo iandikwe tangu sasa ukutani, penye kalenda ya ofisi, na mpaka ipite asiruhusiwe mtu kupanda nyuma.