Kulipa Deni kwa Kupunguza Matumizi ya Nyumbani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka

Kamati ilipotutaka sisi wawili, mume na mke, tusimame hapa kueleza habari za deni la nyumba yetu, tuliona haya. Mtu huonyesha ng'ombe wake kwa wageni. Haonyeshi daftari la duka. Lakini tumekubali, kwa kuwa twajua wengi waliokaa humu wana daftari kama lile, na kunyamaza kwetu hakutamsaidia yeyote.

Nchi yetu ya Meru na Embu imejaliwa. Tangu miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa, zao hilo limejenga nyumba nyingi na kusomesha watoto wengi. Kwenye miinuko ya juu iko chai, Igembe iko miraa, na Mbeere kuna pojo, kunde na mtama. Ila fedha ya shamba haina mwendo wa tumbo. Tumbo hudai kila siku; kahawa yetu huchumwa kwa wingi baina ya Oktoba na Desemba, na malipo yake makubwa hungojewa mpaka mwaka unaofuata. Katika pengo hilo ndimo deni linamozaliwa. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Deni letu lilianza kwa karo ya shule, likafuatwa na ugonjwa. Tulipobanwa sana tulimwendea mzee mmoja wa ukoo, tukamwomba awe shahidi, kwani tulikuwa tumekata shauri kukodisha nusu ya mikahawa yetu kwa miaka mitatu ili tupate fedha za mkononi. Mzee alitusikiliza, kisha akauliza, "Mnadaiwa kiasi gani?" Mume akataja hesabu yake, mke akataja yake, na hesabu hizo mbili hazikupatana. Pale ndipo tulipojua ya kuwa kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake: mume alikuwa amekopa kwa simu, na mke alikuwa amekopa kwa majirani. Mzee hakutukaripia. Alisema, "Nendeni mkaandike yote katika karatasi moja, ndipo mrudi kuniita shahidi."

Tuliandika usiku ule. Karo shilingi 31,000, chama cha akiba na mikopo 29,000, duka 14,600, majirani wawili 12,000, simu 9,400. Jumla shilingi 96,000. Hatukulala vema, lakini tulilala tukijua.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba deni dogo laweza kula kuliko deni kubwa. Mkopo wetu wa simu ulitozwa asilimia 7.5 kwa kila siku 30, yaani shilingi 705, na kila ulipokwisha tuliukopa tena. Deni la chama cha akiba lilitozwa asilimia 1 kwa mwezi, yaani shilingi 290, ijapokuwa lilikuwa kubwa mara tatu. Basi tulianza na la simu. Tungependa vijana wetu wakumbuke pia kwamba tangu mwaka 2022 makampuni yakopeshayo kwa simu, yasiyo benki, yanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Mtu na aulize leseni kwanza.

Jambo la pili ni matumizi. Kwa juma moja tuliandika kila senti iliyotoka nyumbani. Mkate wa kila asubuhi tukauacha isipokuwa Jumapili, tukala nduma na viazi vitamu vya shambani: shilingi 390 kwa juma. Sukari tukaipunguza nusu: 250. Unga wa pakiti tukauacha, tukanunua mahindi wakati wa mavuno na kuyasaga kinuni: 240. Bodaboda ya kwenda sokoni pasipo mzigo tukaiacha, tukatembea: 400. Maongezi ya simu: 250. Mwisho, na mume ndiye aliyetaka jambo hili lisomwe hapa, miraa ya shilingi 100 kila siku: 700. Jumla shilingi 2,230 kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini twaomba mtusikilize vema hapa, kwa maana hapa ndipo tulipokosea. Mwezi wa kwanza tulijinyima yote hayo, na mwisho wa mwezi deni lilikuwa palepale. Fedha tuliyoiacha mkatени iliingia katika soda, na iliyoachwa katika bodaboda iliingia katika kiatu. Shilingi usiyoitumia si akiba mpaka imefika mkononi mwa anayekudai. Tangu siku ile, kila Jumamosi jioni tulihesabu pamoja, na kabla jua halijatua fedha ilikuwa imepelekwa, hata kama ni 500 tu. Mwenye duka alipoona twaja kila juma, aliacha kutuma mtoto kutudai njiani.

Tulitazamia kumaliza kwa mwaka mmoja; ikawa miezi 15, maana majuma mengine mtoto aliugua nasi hatukupeleka kitu. Mikahawa hatukuikodisha.

Yako mambo ambayo hatukuyapunguza, wala hatumshauri mtu ayapunguze. Maziwa na maharagwe ya watoto hatukuyagusa. Mbolea ya kahawa hatukuigusa, kwa sababu anayeunyima mti chakula mwaka huu atakopa tena mwaka ujao. Mchango wetu wa kila mwezi katika chama hiki hatukuuacha, kwani msiba haungoji mtu amalize deni.

Sasa tuna ombi kwa wazee wetu, nalo ndilo zito kuliko yote. Mkate na sukari twaweza kuvipunguza sisi wenyewe ndani ya nyumba. Lakini yako matumizi ambayo mtu hawezi kuyapunguza peke yake bila kuvunjiwa heshima: karamu ya matanga, mahema na magari ya kukodi, ng'ombe wa kuchinjwa siku ya arusi. Tumeona jamaa walioingia katika deni la miaka miwili ili kumzika mzee ambaye maisha yake yote hakupenda makuu. Mwana akisema, "Tutazika kwa uji na chai," watu humwita bahili. Mzee akisema neno hilohilo, huwa ni busara, na wote hulifuata. Twawaomba, basi, mlizungumze katika mabaraza yenu, mseme kiasi kinachotosha, ili mnyonge apate pa kusimama.

Bwana Mwenyekiti, hatukuja kujisifu. Mwaka huu karo ingali yadaiwa kama kawaida, na kahawa ingali yachelewa kulipwa. Tofauti ni kwamba sasa nyumbani mwetu kuna daftari moja tu, nalo hukaa mezani, mahali ambapo sote wawili twaliona. Mzee wetu alipoambiwa kwamba deni limekwisha, alitaka kuiona ile karatasi ya kwanza. Aliisoma mstari kwa mstari, akaikunja, akaturudishia, akasema tuwawekee watoto.

Dawa ya deni ni kulipa.