Tuketi na Vijana Wetu Mbele ya Filamu

(Mada iliyotolewa kwa wazazi baada ya sala ya Alasiri, Litumbandyosi, Mbinga)

 



Tumeombwa tuzungumze juu ya vijana na filamu. Huenda wengi mlitarajia tuje tuharamishe kisha twende zetu. Hotuba hiyo mmekwisha kuisikia, nasi wenyewe tumekwisha kuitoa. Zama za vibanda vya video, mzazi wa Mbinga mjini au Mbamba Bay aliweza kumfuata mwanawe mlangoni akamtoa kwa sikio. Leo kibanda kimo mfukoni. Filamu hupita simu hadi simu, na kijana huitazama usiku, peke yake. Zile chafu hukumu yake inajulikana. Tunazungumzia zile fupi zenye mambo mazito, za kifo, chuki na msamaha, ambazo humwacha kijana na swali asilo na wa kumuuliza.

Tuchukue mfano wa Watu Wote, filamu ya mwaka 2017 yenye dakika zipatazo 22. Ni kazi ya wanafunzi wa Hamburg Media School ya Ujerumani, chini ya mwongozaji Katja Benrath, iliyoigizwa na Wakenya, na mwaka 2018 iliwania tuzo ya Oscar. Imejengwa juu ya tukio la kweli. Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera, Kenya, lilivamiwa na Al-Shabaab, wakawaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Akina mama wakawapa wenzao Wakristo mitandio yao wajisitiri. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Nao walijua wanachokikataa, kwani Novemba 2014 watu 28 waliuawa huko Mandera baada ya kutengwa vivyo hivyo. Katika filamu yumo Jua, mwanamke Mkristo aliyeuliwa mume na mtoto, anayepanda basi lile akiwa amejaa uchungu dhidi yetu.

Mzee mmoja alimkuta mwanawe wa miaka 15 akiitazama. Kijana akauliza, "Baba, wale wenye bunduki nao wanamtaja Mungu wetu. Sisi tuko upande gani?" Baba akamnyang'anya simu. Alitusimulia mwenyewe kwa majuto, akisema tangu siku ile kijana hajamwuliza kitu.

Ndugu zetu, swali lile halikuwa la utovu wa adabu. Hapa kwetu mjomba ni Mkristo, shemeji ni Mkristo, na makaburini tunazikana. Kijana alitaka kujua atamtazamaje mjomba wake. Jawabu lilikuwapo katika Surat Al-Maida, aya ya 32, inayofundisha uzito wa kuua na kuhuisha nafsi moja.

Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kwamba kijana alimwendea Mtume (s.a.w.) akiomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume (s.a.w.) akamsogeza karibu, akamketisha, akamwuliza iwapo angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kisha akamwombea dua. Tuone kuwa alianza kwa kuuliza.

Basi mzazi na aitazame filamu kwanza mwenyewe. Kisha akae na mwanawe, asiikatize kwa mawaidha. Ikiisha, amwulize: je, Jua alikuwa na haki ya kutuchukia? Ungalikuwa ndani ya basi lile, ungalifanya nini? Halafu anyamaze. Kijana akitoa jawabu la ovyo, asikilizwe hadi mwisho. Akitokwa na machozi, asichekwe. Na mzazi asilolijua aseme halijui, waende wote wawili kwa ustadhi.

Wapo ndugu wasioridhia maigizo kabisa. Tunaiheshimu rai yao. Nao kisa chenyewe wanaweza kukisimulia kwa mdomo jioni, maswali ni yale yale.

Mzee yule tulimshauri amwombe mwanawe waitazame pamoja. Akatuuliza, "Je, akikataa?" Tukamwambia amwombe tena kesho yake.

Wabillahi tawfiq.