Mafuta Yaliyokwisha Kupikiwa: Kuyatunza, Kuyatumia Tena na Kuyatupa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na mabibi wa mwambao wa Tanga)



Neno nililokuja nalo ni la jikoni. Huenda mtu akauliza, karani na karai wapi na wapi? Lakini jambo hili lamhusu kila mwenye kula; na hapa petu pwani, tangu Moa na Mkinga mpaka Tongoni na Pangani, ni nani asiyekula kitu kilichopitia mafuta? Asubuhi maandazi na vitumbua, jioni samaki na muhogo. Basi na tutazame yale mafuta yanayobaki karaini: yatunzwe namna gani, yatumiwe tena mpaka lini, na mwisho wake yaende wapi.

Mafuta ni mali. Wazee wetu walikuna nazi, wakakamua tui, wakalichemsha mpaka mafuta yakajitenga. Wakasindika ufuta wakapata mafuta ya uta. Chupa moja ilikuwa kazi ya kutwa. Hata mataifa makubwa yamepata kuhangaika kwa ajili ya mafuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanzisha mashamba makubwa ya karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ile haikufaulu, ikaachwa mwaka 1951 baada ya fedha nyingi mno kupotea. Kwa hiyo mtu asiyependa kumwaga mafuta aliyoyatumia mara moja tu, mimi simlaumu. Ninalosema ni hili: mafuta yana umri wake, na yakifika mwisho wake yasitafutiwe tumbo la mtu mwingine.

Kwanza tuwajue adui zake. Wako watano: moto uliopita kiasi, hewa, mwanga, maji na makombo. Mafuta yanayotoa moshi yamekwisha kuungua, na kila yanapoungua hubadilika tabia yake. Maji ya samaki asiyefutwa vizuri huyavunja yakiwa motoni. Hewa na jua huyachachisha yakiwa yamewekwa. Makombo ya unga hugeuka makaa, nayo makaa huyatia weusi na uchungu. Basi mpishi mwema humfuta samaki maji kabla ya kumtia karaini, hupunguza kuni mafuta yanapotaka kutoa moshi, na chumvi hutia baadaye, si juu ya karai.

Akimaliza kupika, huyaacha mafuta yapoe mpaka mkono waweza kushika chombo. Kisha huyachuja kwa kitambaa safi kikavu, huyatia katika chupa kavu yenye kizibo, na kuiweka mahali penye giza, mbali na meko. Katika miezi ya kipupwe mafuta ya nazi huganda asubuhi. Hilo si alama ya ubovu, maana ndiyo tabia yake penye baridi iliyo chini ya digrii 24 hivi. Tena mafuta hayalingani. Ya nazi na ya ufuta huvumilia kukaa. Ya alizeti huchacha upesi zaidi.

Yatumiwe mara ngapi? Nyumbani mara mbili au tatu hutosha, kama yamechujwa na hayakuunguzwa. Anzeni na vitu vya unga na mihogo, samaki awe wa mwisho. Yaliyokwisha kukaanga samaki yasirudi kwenye maandazi. Lakini zaidi ya hesabu, tazameni alama. Mafuta yakiwa meusi na mazito kama asali, yakifanya povu lisilotulia, yakitoa moshi kabla ya kupata moto wa kutosha, yakinuka au kuwasha koo, yamekwisha. Wala msiyaongezee mapya mkidhani yatapona. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Na mafuta mabovu huyaharibu mapya upesi. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka sheria ya kuyapima mafuta ya mikahawa: sehemu zilizoharibika zikipita kama 25 katika 100, sharti yaondolewe. Sisi vijijini hatuna kipimo hicho, lakini Mungu ametupa macho, pua na ulimi.

Sasa nasema juu ya chombo, na hapa naomba mnisikilize sana. Katika mwambao wetu, nyumba moja huweza kuwa na mafuta ya kula, mafuta ya taa, mafuta ya mashini ya mashua, na sifa ya papa ya kupaka chombo cha baharini. Yote hukaa katika vidumu na chupa zinazofanana. Kidumu kilichopata kutiwa mafuta ya mashini kisitiwe mafuta ya kula kamwe, hata kikioshwa kwa maji ya moto mara saba. Wala mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda, mtoto akaja akanywa. Fungeni uzi mwekundu shingoni mwa chombo kisicho cha kula, na kila aliyemo nyumbani afundishwe maana yake.

Pengine mtasema kwamba nawatisha bure. Mwaka 1959 katika mji wa Meknes, nchi ya Moroko, wafanya biashara walichanganya mafuta ya kula na mafuta ya injini za ndege, wakayauza kwa bei rahisi. Watu wapatao 10,000 walipooza miguu na mikono, na wengi wao walikuwa maskini waliotafuta urahisi. Na karibu nasi, mwaka 2014 ilitangazwa ya kwamba huko Kenya wezi walikuwa wakifungua mitambo ya umeme iliyo juu ya nguzo, wakaiba mafuta yaliyomo, nayo yakauzwa kwa wakaangaji wa vyakula kwa sababu hayaishi upesi karaini. Mafuta yale hayakufanywa kwa tumbo la mtu. Basi mtu akikuletea mafuta ya bei isiyo ya kawaida, hayana nembo wala hayajulikani yalikotoka, muulize. Na asipojibu sawasawa, mwache aende nayo.

Na sisi wenyewe tujihadhari. Yuko mtu ambaye mafuta yake yamekwisha kuwa meusi. Yeye na watoto wake hawayali tena, lakini humwuzia mwenye kukaanga mihogo mlangoni mwa shule. Je, watoto wanaonunua muhogo ule si wetu? Senti apatazo hazilingani na dhambi yake.

Basi yaende wapi? Kwanza, yasimwagwe karibu na kisima. Chini ya ardhi ya pwani yetu mahali pengi ni mawe ya matumbawe na chokaa, yenye nyufa na mapango, kama mapango ya Amboni yanavyotuonyesha. Kitu kilichomwagwa juu huweza kuyafikia maji upesi. Pili, yasimwagwe mferejini wala chooni. Hushika taka na kuganda, mfereji ukaziba. Na masika yakija, yale yote huchukuliwa mpaka kwenye mikoko na baharini tunakopata kitoweo. Mafuta machache yachanganywe na majivu au vumbi la mbao mpaka yawe makavu, kisha yatiwe shimo la taka lililo mbali na kisima na chini ya mteremko wake. Kidogo chaweza kutiwa juu ya makumbi ya nazi ya kuwashia moto.

Yakiwa mengi, yapikeni sabuni. Kwa kilo moja ya mafuta ya mawese au ya alizeti yaliyochujwa, pimeni kwa mizani gramu 125 za kostiki soda na gramu 350 za maji. (Mafuta ya nazi hutaka soda zaidi.) Tieni soda ndani ya maji polepole, msitie maji juu ya soda, maana huruka na kuunguza macho. Fanyeni kazi hiyo nje, kwa chombo cha plastiki kigumu au cha chuma, wala si sufuria ya alumini, kwa kuwa soda huila. Vaeni mipira ya mikono, na watoto wawe mbali. Maji yale yakipoa, yamimineni katika mafuta na kukoroga mpaka yawe mazito kama uji, mtie katika kalibu. Baada ya siku mbili kateni vipande, mviache mahali penye hewa majuma manne kabla ya kuvitumia. Ni sabuni ya kufulia, nayo yafaa.

La mwisho: mafuta yakishika moto, msimwage maji. Maji hugeuka mvuke ghafula na kuurusha moto mpaka makutini. Funikeni karai kwa kifuniko au sinia, mwondoe kuni, wala msilibebe karai likiwa linawaka.

Walimu, nawaomba mzungumze na wauzaji wa vyakula wa milangoni pa shule zenu, kwa upole na heshima, maana nao watafuta riziki. Wazee, wekeni shauri kijijini juu ya mahali pa kutupa, visima vyetu visiharibike. Na ninyi mabibi mwenye karai ndinyi waamuzi: siku mtakapoona weusi na kusikia uchungu, semeni kwamba yamekwisha, hata kama bwana wa nyumba anasikitikia gharama.