Wenye Leseni ya Bastola na Hesabu ya Makosa

Leo twaendelea na habari ya kupima hesabu kabla ya kuziamini.

Tuseme wewe u mjumbe wa halmashauri ya kijiji huko Amani. Jirani yako ni mfanya biashara wa iliki. Akirudi kutoka Muheza hupita msituni na fedha mfukoni, naye amechoka kuogopa. Ataka bastola. Kwa sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha, hawezi kuimiliki bila leseni, na kabla ya kupewa huchunguzwa tabia yake. Basi aja kwako, akuambia: "Ndugu mjumbe, niunge mkono. Wenye leseni hawatendi makosa kama watu wengine. Hesabu zimeonyesha."

Je, asema kweli? Hesabu ziko. Katika jimbo la Texas, Marekani, idara ya usalama imekuwa ikichapa orodha za watu waliotiwa hatiani, na kuonyesha wangapi kati yao walikuwa na leseni ya kubeba bastola. Mwaka 2016 wenye leseni walikuwa zaidi ya milioni 1, karibu mtu 1 katika kila watu wazima 20. Lakini katika orodha ya waliotiwa hatiani hawakufika hata 1 katika kila 100. Jirani hakusema uongo.

Lakini ngoja kwanza. Amani iko yapata mita 900 juu ya bahari, na Muheza iko chini kwenye joto. Tangu zamani malaria ilikuwa kali zaidi kule chini. Je, mtu akikuambia kwamba watu wa Amani huepuka homa kwa sababu huvaa masweta, utakubali? Utacheka. Baridi ndiyo iliyowafanya wavae masweta, na baridi hiyo hiyo huwazuia mbu wasistawi. Ukitaka kujua kama sweta ni dawa, mlinganishe mwenye sweta na asiye nalo, wote wawili wa Amani.

Na leseni ni vivyo hivyo. Huko Texas mwaka 2016 mwombaji hakuwa na budi kwa kawaida awe ametimiza miaka 21, asiwe amewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, ahudhurie mafunzo na alipe ada. Watu wamekwisha kuchekechwa kabla bastola haijaingia mkononi. Waliobaki juu ya chekecheke wamo katika "watu wengine". Hapo hesabu imepima chekecheke. Bastola haijapimwa bado.

Na tena kuna watu ambao jirani hakuwataja kabisa, nao ni wa nyumbani mwake. Wataalamu wa Marekani waliwafuatilia watu wazima zaidi ya milioni 17 wa California, tangu 2004 hata 2016, wakachapa matokeo mwaka 2022. Hao wote hawakuwa na bastola wao wenyewe. Walioishi na mwenye bastola aliyeandikishwa kisheria waliuawa zaidi ya mara mbili kuliko walioishi na asiye nayo. Kupigwa risasi na kufa kwa mkono wa mume, mke au mwenzi ilikuwa yapata mara saba, na wengi sana wa waliouawa hivyo walikuwa wanawake. Basi mjumbe, kabla ya kujibu, umemwuliza mke wa jirani?

Haya, chukueni kalamu kwa zoezi la juma hili. Kijiji cha kubuni kina watu wazima 1,000, na 50 wana leseni. Waliotiwa hatiani ni 40, na mmoja tu kati yao ana leseni. Katika wale 950 wasio na leseni wamo 300 ambao wangepita uchunguzi ule ule kama wangeomba. Kati ya hao, 6 walitiwa hatiani. Tafuteni ni wangapi katika kila 100 kwa wenye leseni, kwa wale 950, kisha kwa wale 300. Andikeni majibu matatu yakifuatana, mje nayo darasani.